Mvua Haikuwa na Kosa

Joubert Park, Johannesburg
Jumapili, mwezi wa nane, 2018

Yosua mwanangu,

Umekwenda kanisani kuaga, umeniacha na sanduku lako wazi katikati ya chumba. Nimelizunguka mara tatu nikitafuta kitu ulichosahau, sikioni. Koti la baridi limo. Viatu vya kupigia mpira vimo, umevizungushia taulo. Kwa hiyo ya sanduku siyaandiki, wala ya kula na kulala, wala ya kusali. Hayo umeyasikia tangu una miaka mitano, na ukiyasahau huko Amerika hutakosa mtu wa kukukumbusha. Naandika jambo ambalo watu wawili tu duniani wanaweza kukuambia, mimi na fundi cherehani mmoja, naye ameshasema kwamba si kazi yake.

Naandika kwa Kiswahili. Najua kukisoma kunakuchosha, wewe uliyezoea Kiingereza na Kizulu. Soma polepole, kwa sauti ikibidi. Kiingereza changu ni cha pale mlangoni kazini Braamfontein, cha kuwaambia watu watie sahihi kitabuni kabla ya kupanda lifti. Kwa lugha hiyo ningeweza kukuficha mengi kwa kisingizio kwamba sijui neno lake.

Wiki iliyopita ulinionyesha video kwenye simu. Chuo unachokwenda kilikuwa kinacheza mpira wa Kimarekani, ule unaofanana na raga, na chuo jirani, theluji inaanguka mpaka mistari ya uwanja haionekani. Ukanieleza kwamba vyuo hivyo viwili viko katika ligi moja ya vyuo vya upande ule, na kila mwaka vinapigania taa kuukuu ya reli iliyoota kutu. "Papa, hawa wanachukiana tangu babu za babu zao," ulisema, na ulisema kwa furaha. Kisha akatokea mpiga mateke wao, kijana mwembamba, akapiga, na mpira ukafa hewani kabla ya kufika. Kamera ikamfuata. Watu walikuwa wanamrushia theluji kutoka majukwaani. Ukacheka, ukasema, "Ndiyo nafasi ninayokwenda kuchukua mimi."

Sikucheka. Ukadhani naogopa baridi, ukanieleza habari za glavu.

Kabla hujazaliwa, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nilisoma chuo cha ualimu kule Lubumbashi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na chuo cha ufundi. Ni barabara moja tu, lakini ungedhani ni mpaka wa nchi mbili. Sisi tuliwaita wapaka grisi, wao walituita wala chaki. Kila mwaka, mvua zinapoanza, tulicheza mechi moja. Chuo kilichoshinda kilipata haki ya kutembea katikati ya ile barabara mwaka mzima, na walioshindwa walipita kando, mtaroni. Leo naona ni utoto. Wakati ule niliona ndiyo heshima yenyewe.

Mimi nilikuwa golikipa. Hukulijua hilo mpaka mwaka jana, nami nitafika huko. Beki wangu wa kati aliitwa Mbuyi. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Tulikula sahani moja. Kwa hesabu alinizidi mbali, na sehemu kubwa ya mitihani niliyofaulu nilifaulu kwa sababu Mbuyi alikaa nami mpaka nikaelewa, bila kunicheka.

Siku ya mechi mambo yalikuwa bila kwa bila mpaka kipindi cha pili. Hapo ikashuka ile mvua ya kwetu ambayo huoni matone, unaona maji yanamwagwa. Udongo mwekundu ukageuka uji. Mstari wa goli ukafutika. Refa alikuwa ameshaangalia saa mara mbili pale winga wao alipoupiga mpira juu kuelekea langoni kwangu. Mbuyi alikuwa karibu nao, angeuondoa kwa kichwa bila shida. Nikapaza sauti, "Wangu!" Akaniachia, kama beki anavyopaswa kufanya anaposikia sauti ya kipa wake. Nikatoka. Mshambuliaji wao, jitu la mtu, alikuwa anakuja mbio na kiatu kimeinuka.

Nilifumba macho, Yosua. Nilikiona kiatu kile nikafumba macho, na mpira ukapita katikati ya mikono yangu. Nilipofumbua, wapaka grisi walikuwa wanagaragara kwenye matope kwa furaha.

Wanafunzi wenzetu wakaingia uwanjani. Kiongozi wa mashabiki wetu, aliyekuwa na filimbi shingoni, akanikamata jezi. "Wewe, imekuwaje?"

Ningesema niliogopa. Au hata ningesema ni mvua, mpira umeteleza, na uongo huo usingemuumiza mtu. Nikasema, "Mwulizeni Mbuyi. Ameniachia makusudi. Jana nimemwona ng'ambo anazungumza na wapaka grisi."

Hilo la kuzungumza lilikuwa kweli. Alikwenda kumjulia hali binamu yake aliyekuwa mgonjwa. Nami nilijua, kwa sababu aliniaga wakati anakwenda.

Mbuyi alikuwa mtu wa Kasai, mkoa ambao watu wake walikuwa wanafukuzwa mjini kwetu kama wageni. Wewe umekulia hapa, hujui uzito wa neno hilo katika mji wetu mwaka ule. Lakini umeona hapa Johannesburg tunavyotukanwa makwerekwere, wageni wasiotakiwa, siku mambo yanapochafuka, na jinsi mama wa duka la spaza anavyofunga mlango haraka. Ilikuwa hivyo. Walikuwa wanangoja mtu mmoja tu anyooshe kidole, na kidole kikawa changu. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Walimpiga palepale, mvua ikiendelea. Alipoanguka hakuwatazama waliokuwa wanampiga. Alinitazama mimi. Kisha wakaenda bwenini, wakatupa nje godoro lake na madaftari yake. Wiki haikwisha, yeye na jamaa zake wote walikuwa wamepanda treni na kuondoka.

Mimi nilibaki. Nikamaliza chuo, nikawa mwalimu wa hesabu, nikamwoa mama yako, tukakupata wewe, tukaja huku. Ukitazama kwa nje, maisha yalikwenda. Ila sikuwa tena na rafiki. Kila mtu aliyenisogelea nilimwona anampenda mtu ambaye siye mimi, nikahofu siku atakayojua. Basi nilikuwa naondoka kabla haijafika. Mama yako aliniuliza siku moja kwa nini sina hata mtu wa kunywa naye chai Jumapili. Nikamwambia mimi ni mtu wa nyumbani. Akacheka kidogo, akasema, "Hata nyumbani hupo, Anakleti." Amekufa bila kujua nilikuwa wapi. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na tangu hapo tumeishi wawili katika chumba hiki kama abiria wa treni, wanaoheshimiana na kupeana nafasi.

Sasa nafika mwaka jana. Ulikuwa umeanza chuo pale Doornfontein, ukachaguliwa timu ya raga, kazi yako kupiga mateke. Ulirudi jioni moja na jezi mpya, ukanigeuzia mgongo nione jina letu.

"Papa, kuna fundi Mkongo kwenye zile karakana karibu na chuo, ndiye anatushonea namba. Ameona jina akaniuliza, 'Baba yako ni Anakleti? Alikuwa golikipa?' Papa! Mbona hujawahi kuniambia ulikuwa golikipa?"

"Anaitwa nani?"

"Papa Mbuyi. Yuko sharp sana. Amesema atakuja kunitazama nikicheza."

Nikasema nachelewa zamu. Siku hiyo sikuwa na zamu.

Uliniomba mara ngapi nije kukutazama? Mara tatu nakumbuka mimi. Labda wewe unakumbuka zaidi. Kila mara nilikuambia niko kazini. Ukweli ni huu: Jumamosi nyingi za mechi nilivaa sare yangu, nikaondoka kabla yako, nikaenda kukaa hapa chini kwenye bustani ya Joubert Park. Nilikaa kwenye benchi karibu na wale wazee wanaocheza chesi ya vipande vikubwa vilivyopangwa chini, nikangoja mpaka saa ambayo mtu wa zamu hurudi. Wapiga picha wa bustanini walinizoea. Mmoja alidhani nimefukuzwa kazi na ninamficha mke wangu, akawa ananiletea chai.

Unajua mvua za huku. Asubuhi anga ni safi, adhuhuri mawingu yanapanda kama moshi wa kiwanda, alasiri radi. Nikiwa pale bustanini niliyaona mawingu yakijikusanya upande wa Doornfontein, nikajua sasa refa anatazama juu, sasa king'ora cha kuonya radi kinalia, sasa mmekimbilia chini ya paa na miguu yenu inapoa. Nilizicheza mechi zako zote kwa kutazama anga. Siku moja ikaja mvua ya mawe. Nikajibanza ukutani penye vyoo pamoja na mama mmoja muuza karanga, na mawe yalipokuwa yanapasuka kwenye sakafu nikawaza kwamba mvua hiihii inakupiga na wewe, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kwamba pembeni ya uwanja amesimama mtu na mwavuli wake akikuita jina lako kwa Kiswahili. Amesimama pale nilipopaswa kusimama mimi, na ni mimi niliyempokonya kila kitu.

Halafu ikaja ile mechi ya mwezi wa tatu mwaka huu, mlipocheza na wale wa chuo cha Braamfontein. Wewe mwenyewe ulinieleza juma zima kwamba hakuna mechi nyingine, kwamba mkishindwa na hao ni afadhali msile. Sikuja. Ulirudi umelowa mpaka mifupani. Hukuvua viatu. Ulisimama hapo mlangoni ukaanza kusema kabla sijakuuliza.

"Eish, Papa, ni mvua. Walitusimamisha kwa radi, tukarudi uwanjani miguu imekufa ganzi. Teke la mwisho, Papa. Mpira ulikuwa kama sabuni. Na Thabo, alikuwa ameushikilia kwa kidole usianguke kwa upepo, akautikisa. Ni Thabo. Kila mtu ameona ni Thabo."

Nikakupiga kofi.

Sijawahi kukupiga tangu mama yako afe. Una miaka ishirini, umenizidi kimo. Ulinitazama bila kuinua mkono, ukaingia bafuni, nikasikia maji yanafunguliwa na hayafungwi. Majuma mawili tukaongea mambo ya funguo na mkate tu. Wewe ulidhani nimekupiga kwa sababu mmeshindwa. Mimi nilimpiga mtu mwingine aliyekuwa amesimama kwenye mvua nyingine, lakini shavu lilikuwa lako. Kwa kofi lile naomba radhi. Sikuomba siku ile, wala siku iliyofuata, na kila siku iliyopita ilifanya maneno yawe mazito zaidi mdomoni.

Baada ya majuma hayo mawili nilikwenda Doornfontein. Karakana iko ghorofa ya pili, mashine sita kwenye mstari, ya kwake dirishani. Nywele zake zimeisha zote. Sura sikuitambua. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinua kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akiinua kichwa juu ya daftari.

"Mwalimu," akasema.

"Mbuyi, nimekuja..."

"Najua ulilojia. Nimelingoja mpaka nikachoka kulingoja. Sema, lakini mimi naendelea na suruali hii, mwenyewe anaifuata saa kumi."

Nikasema yote, nimesimama, mashine inanguruma. Winga, mpira wa juu, sauti yangu, kiatu. Nilipofika penye macho, mashine ikanyamaza.

"Ulifumba macho?"

"Nilifumba."

"Hawakukununua?"

"Nani?"

"Wa ufundi." Akavua miwani. "Miaka yote hii mimi nilijua kwamba wewe ndiye uliyeuza mechi, ukanitwika mimi. Nilikuchukia kama mtu anavyomchukia jambazi. Jambazi unaweza hata kumheshimu kidogo. Kumbe uliogopa kiatu."

Nikaitazama suruali iliyokuwa chini ya sindano.

"Kiatu cha mtu, Anakleti." Hakupaza sauti, na mafundi wengine walikuwa wameinama wakijifanya hawasikii. "Mimi nilikuwa nataka kufundisha hesabu. Sasa napima viuno."

Nikamwambia sikuja kuomba chochote. Akasema ni vizuri, maana hana. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka ndipo nikamwuliza lile lililokuwa likinila tangu mwaka jana, kwa nini anakwenda kumtazama mwanangu.

Alitafuta uzi kwanza.

"Nilitaka kuona mtoto wako atakuwa mtu wa namna gani siku ya kushindwa," akasema. "Nilikwenda kwa ubaya, sikufichi. Nilisubiri. Siku ile ya Braamfontein nilimsikia anamtaja yule rafiki yake, Thabo, mbele ya watu, nikasema, naam, damu ni damu. Nikakunja mwavuli nikaondoka. Jumanne nikawapelekea jezi mazoezini. Nikamkuta amesimama mbele ya timu nzima, kocha yupo. Anasema, 'Thabo hakutikisa kitu. Mpira ulikuwa sawa. Niliinua kichwa mapema kwa kuogopa, nikaupiga vibaya.' Thabo alikuwa analia. Wewe hakukuambia?"

Hukuniambia.

Niliteremka ngazi zile nikashindwa kufika chini. Nilikaa kwenye ngazi, watu wakanipita na marobota ya vitambaa. Nilifurahi, na wakati huohuo sijawahi kujiona peke yangu kama pale. Wewe ulihitaji siku tatu. Mimi nilikuwa nimekaa miaka ishirini na sita. Na nilijua kwamba si mimi niliyekufundisha. Kofi halifundishi hivyo. Labda umelipata kwa mama yako. Labda umelipata kwako mwenyewe, ukiwa peke yako bafuni, maji yakitiririka.

Siku ile pembeni ya robot ya barabara ya Siemert, nikingoja taa za magari zigeuke kijani, nikaamua kwamba nitakuambia. Taa ikageuka mara nyingi tangu hapo. Visa ikatoka, tiketi ikaja, nikawa nasema kesho. Sasa imebaki kesho moja.

Tangu mwezi wa nne nakwenda karakana ile Jumamosi nisipokuwa kazini. Kwa kweli nisipokuwa kazini. Mbuyi hakunikaribisha, hakunifukuza. Ananipa suruali za kufumua mishono, nafumua. Saa nzima inaweza kupita bila neno. Mara moja aliniuliza mama yako alikufa kwa ugonjwa gani. Mara nyingine tulibishana juu ya tarakimu kwenye gazeti, naye ndiye aliyekuwa sahihi. Hajasema amenisamehe, nami sijamwuliza. Sidhani kama atasema. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukaa karibu na alichokiharibu bila kudai kitengenezwe mbele yake, na kwamba hilo pia ni namna ya kuishi, ingawa ni baridi.

Yosua, huko unakokwenda upepo ni wa kweli na theluji ni ya kweli. Umeniambia mwenyewe kwamba hapa kwetu juu hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali, na huko mpira utakuwa mzito kama jiwe. Utakosa. Siku moja utakosa mbele ya wale jirani wenye taa yao, na watu watakuja wanataka jina. Hapo sina la kukufundisha, umeshanipita. Ninachotaka ujue ni kwamba ninajua jinsi dakika ile ilivyo ndefu. Huko ng'ambo utakuwa na makocha na wenzako, lakini katika dakika ile hutakuwa na mtu. Mimi niliwahi kufika hapo, na niliyoyafanya nimekuandikia.

Barua hii nitaitia mfukoni mwa jaketi utakalovaa safarini, uikute ukiwa angani. Utakapoisoma utakuwa umeshatuona kwenye uwanja wa ndege, mimi huku na Mbuyi kule, na bila shaka umejiuliza kwa nini wazee wawili wanaosema lugha moja wamesimama mbali hivyo. Anakuja kwa ajili yako. Amekushonea kitu, ameniambia nisiulize. Ukishaondoka, sijui kama tutarudi mjini kwa treni moja.

Chumba kitakuwa kimya, na sitakudanganya kwamba nimezoea. Lakini usirudi nyuma kwa ajili ya hilo.

Ukifika, nipigie simu. Usianze kwa kunisamehe, maana nitajua umefanya haraka ili nisiumie. Ukiwa na hasira, njoo na hasira, nitakusikiliza mpaka mwisho. Ila kwanza niambie safari ilikuwaje, ulikaa karibu na nani, na jua lilikuwa upande gani ulipotua. Hayo mengine tuyafikie taratibu, hata yakichukua mwaka.

Papa yako,
Anakleti